Valvu ya chuma, mimba, na tarehe zisizo na mwenyewe

Valvu ya bandia ya moyo ina sauti. Ukikaa karibu na binamu yangu usiku, redio ikiwa imezimwa, utaisikia: tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofungwa kwenye leso. Mume wake anasema mwezi wa kwanza wa ndoa hakupata usingizi kwa ajili yake, na siku hizi hapati usingizi asipoisikia. Tunaiita valvu ya chuma, ingawa vile visahani vinavyofunguka na kujifunga vimetengenezwa kwa kaboni ngumu. Aliwekewa akiwa na miaka 21. Utotoni alikuwa na tonsesi zilizotibiwa nusunusu, zikamwachia homa ya baridi yabisi, nayo homa ikaula taratibu mlango wa moyo wa upande wa kushoto.

Usiku wa tarehe 27 Desemba, nyumbani kwa wakwe zake Rombo, akiwa na mimba ya wiki 30, sauti ile ilififia. Mume aliamka kwa sababu ya ukimya. Akamkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, anavuta pumzi fupifupi, hawezi kulala chali.

Wiki mbili kabla, shule zilipofungwa (ni mwalimu wa msingi hapa Moshi mjini), alipanda kwa wakwe mapema ili asaidie maandalizi ya Krismasi. Akaharisha. Akanunua Flagyl duka la dawa, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya. Baada ya siku chache fizi zikaanza kuvuja damu akipiga mswaki, kisha pua. Akaenda kituo kimoja cha afya. Mtoa huduma akaona mjamzito, akaona damu, akasikia kwamba anameza warfarini, "dawa ya kuyeyusha damu" inayozuia mabonge yasishike valvu. Akahitimisha: "Mama, hii itakumalizia damu wewe na mtoto. Iache mpaka ujifungue." Binamu yangu, mtu wa kutii maagizo, akaacha. Ikawa siku ya tisa.

Walimshusha usiku uleule hadi hospitali ya rufaa. Picha ya moyo ikaonyesha kisahani kimoja hakifunguki sawasawa, kimeshikwa na bonge la damu. Wakamtundikia dripu ya heparini, wakamlaza wiki kadhaa, kisahani kikaachia. Alipona, na mtoto alizaliwa salama. Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kila nilipokisimulia, wasikilizaji walisema dawa ile ni hatari kwa mjamzito. Ni kweli ni hatari. Lakini Desemba ile kilichokaribia kumuua ni agizo la kuiacha lililotolewa bila tarehe ya kuirudia.

Simlaumu sana yule mtoa huduma. Kadi ya kliniki ya wajawazito aliyoletewa ilikuwa na maneno mawili tu juu ya jambo lote hili: "mgonjwa wa moyo". Daftari la kliniki ya moyo, lenye aina ya valvu, kipimo cha dawa na majibu yote ya INR (namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda), lilikuwa limebaki Moshi mjini kwenye droo ya kabati. Karatasi mbili za mtu mmoja hazikuwahi kukutana. Na hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na namna tunavyowahudumia wanawake hawa: mengi tunayoyaita madhara ya dawa ni madhara ya makabidhiano. Dawa hizi kwa mjamzito zina siku za kubadilishwa, siku za kusimamishwa na saa za kurudishwa. Kliniki ya moyo inadhani tarehe hizo zinashikwa na wakunga, wakunga wanadhani zinashikwa na kliniki ya moyo, na mama anadhani zinashikwa na Mungu.

Tuanze na jina, maana jina limetupotosha. "Dawa ya kuyeyusha damu" haiyeyushi chochote, na damu haiwi nyepesi kama uji uliotiwa maji. Ini linahitaji vitamini K ili kutengeneza protini zinazogandisha damu. Warfarini huzuia vitamini hiyo isirudi kutumika tena. Kwa hiyo damu inabaki na uzito uleule, ila inachukua muda mrefu zaidi kuganda. Na kwa kuwa kazi inafanyika ndani ya ini, dawa huchukua siku kadhaa kushika na siku kadhaa kuachia. Ukikosea leo, kosa linaonekana wiki ijayo. Heparini ni ya ukoo mwingine: huingia kwa sindano au dripu, hushika mara moja, na ile ya dripu huisha mwilini ndani ya saa chache.

Historia ya warfarini nayo haisaidii sifa yake. Miaka ya 1920, huko Marekani na Kanada, ng'ombe walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Chanzo kilikuwa majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu kwa unyevu; Mchaga anayepandisha majani kutoka tambarare kulisha ng'ombe wa zizini ataelewa mkasa huo bila maelezo. Profesa Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliitenga kemikali iliyohusika, na kutoka kwenye ukoo huo ikatoka warfarini. Iliuzwa kuanzia mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya shambulio la moyo. Kila mara kuna shemeji mwenye simu janja anayeisoma nusu ya kwanza ya habari hii na kumwonyesha mjamzito. Naomba amsomee na nusu ya pili.

Mjamzito mwenye fizi zinazovuja damu kwa sababu ya warfarini alihitaji nini? Kwanza kupimwa INR. Kwa valvu ya chuma iliyo kwenye mlango alioharibikiwa binamu yangu, namba inayotafutwa ni karibu 3. Flagyl huizuia warfarini isivunjwevunjwe mwilini, kwa hiyo namba hupanda. Kama imepanda na damu inayotoka ni kidogo, kwa kawaida dawa iliyoleta ugomvi huondolewa, warfarini husimamishwa dozi moja au mbili, INR hupimwa tena baada ya siku moja au mbili, kisha warfarini inarudi. Hata vitamini K, ambayo ndiyo dawa ya kuifuta warfarini, haimiminwi kwa wingi pale damu inapokuwa ya kudondoka tu, kwa sababu dozi kubwa huufanya mwili uikatae warfarini kwa siku nyingi baadaye, na valvu haisubiri. Damu ikitoka kwa wingi, hesabu ni nyingine kabisa: vitamini K ya mshipani, plazma, wodi, na daktari wa moyo akiwa kwenye simu.

Mimba yenyewe inaongeza uzito upande mmoja wa mizani. Mwili wa mjamzito hujiandaa kwa siku ya kujifungua kwa kuongeza uwezo wa damu kuganda, ili asiishiwe damu kondo la nyuma litakapobanduka. Kwa hiyo hatari ya mabonge kwenye mishipa hupanda mara kadhaa kuliko kwa mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na hupanda zaidi wiki sita za kwanza baada ya kujifungua. Kipindi ambacho familia nzima inaogopa damu kutoka ndicho ambacho damu iko tayari zaidi kuganda.

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe, ambao hata madaktari hawajaumaliza. Molekuli ya warfarini ni ndogo, inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu uumbaji wa pua na mifupa, na katika kipindi chochote inaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuvuja damu. Heparini ni kubwa, haipiti. Mtu akisikia hivyo tu, jibu ni jepesi: mpe sindano za heparini, kama Clexane, miezi yote tisa. Mtoto yuko salama, tumemaliza.

Hatujamaliza. Daftari la kimataifa la wajawazito wenye magonjwa ya moyo, linaloitwa ROPAC, lilitoa mwaka 2015 taarifa za wanawake 212 wenye valvu za chuma. Ni 58% tu waliopata mtoto hai bila tatizo lolote kubwa njiani. Valvu iligandishwa na damu kwa wanawake 10. Watano kati yao iliwapata katika miezi mitatu ya kwanza, na wote watano walikuwa wameshahamishwa kutoka warfarini kwenda heparini ya aina moja au nyingine. Upande wa pili wa kurasa zilezile: waliotumia dawa za ukoo wa warfarini miezi mitatu ya kwanza walipoteza mimba kwa 28.6%, na wale wa heparini kwa 9.2%. Soma namba hizo mbili pamoja. Dawa inayomlinda mama zaidi ndiyo inayomgharimu mtoto zaidi, na ile inayomwacha mtoto salama ndiyo inayoiacha valvu wazi zaidi. Anayemwambia mwanamke kwamba kuna njia isiyo na gharama anamdanganya.

Kwa nini heparini ya sindano ishindwe kumlinda mjamzito? Kwa sababu mimba inaongeza maji ya damu, figo zinaitoa dawa haraka zaidi, na uzito wa mama unapanda kila mwezi. Dozi iliyomtosha wiki ya 8 haimtoshi wiki ya 20. Ndiyo maana huko inakotumika vizuri, damu ya mama hupimwa mara kwa mara saa nne hadi sita baada ya sindano ili kuona nguvu ya heparini iliyomo, na dozi hurekebishwa. Kipimo hicho si INR. INR haionyeshi kitu kwa mwenye Clexane. Ni kipimo cha maabara kubwa, na ni hospitali chache zenye nacho.

Hapa nina msimamo, na najua daktari mmoja rafiki yangu ataupinga. Kwa mwanamke anayetumia chini ya miligramu 5 za warfarini kwa siku, ambaye INR yake imetulia, na anayeishi mahali ambapo kipimo cha nguvu ya heparini hakipatikani kwa uhakika, kumhamishia sindano kwa miezi tisa kwa sababu ya hofu ya jina la warfarini ni kucheza kamari na mama. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2018 ilikubali kuendelea na warfarini kwa dozi hiyo ndogo, mradi mwanamke ameelezwa na ameridhia, kwa kuwa madhara kwa mtoto hupungua dozi ikiwa ndogo. Anayetumia dozi kubwa zaidi ana sababu nzito ya kwenda heparini kati ya wiki ya 6 na ya 12, tena akiwa karibu na maabara. Lakini uamuzi huo si wa wiki ya 14, siku mama anapojitokeza kliniki kwa mara ya kwanza kwa sababu mila inasema mimba changa haitangazwi. Wiki ya 14, dirisha lile limeshafungwa. Mwenye valvu anatakiwa kupima mkojo siku chache tu baada ya kukosa hedhi, na kupiga simu siku hiyohiyo.

Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo nacho kina njama zake. Mama anatapika, hali mboga, vitamini K inapungua mwilini, INR inapanda bila kidonge kuongezwa. Mwezi unaofuata hamu inarudi, anakula mnafu kwa sahani kubwa mara tatu kwa wiki, INR inashuka. Wapo wanaoambiwa waache kabisa mchicha, mnafu, kisamvu na sukuma wiki. Ushauri huo siupendi: mjamzito anahitaji mboga, na kinachotakiwa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili dozi ya warfarini ipangwe juu ya mlo wake wa kweli. Mtu wa Kibosho au Machame umnyime mnafu miezi tisa? Atakula jikoni kwa siri, na INR itasema.

Duka la dawa lina hatari kuliko jiko. Flagyl na Septrin hupandisha nguvu ya warfarini, na vidonge vya flukonazo, vinavyouzwa kwa fangasi wa ukeni ambao wajawazito huwapata sana, hufanya vivyo hivyo. Dawa ya TB iitwayo rifampisini hufanya kinyume: huishusha warfarini mpaka unadhani mgonjwa hamezi. Diklofenaki, ya kidonge au ya sindano, huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na bado ndiyo inayokimbiliwa kwa maumivu ya mgongo. Paracetamol kwa dozi ya kawaida ndiyo salama zaidi. Na vile vidonge vipya visivyohitaji INR, kama Xarelto, ambavyo ndugu walioko ughaibuni hutuma kwa nia njema, havifai kwa valvu ya chuma na havifai kwa mimba.

Tarehe ambayo naiona kuwa na uzito kuliko zote ni wiki ya 36. Warfarini iliyo kwa mama ipo pia kwa mtoto, na ini la mtoto halijakomaa, kwa hiyo damu yake imezuiwa kuganda kuliko hata ya mama. Kichwa chake kikipita njia ya uzazi katika hali hiyo, anaweza kuvuja damu kwenye ubongo. Mama akiacha warfarini, damu yake hurejea baada ya siku chache; mtoto anaweza kuchukua hadi wiki mbili. Ndiyo sababu mama huhamishwa warfarini kwenda heparini wiki ya 36, akiwa chini ya uangalizi, ili mtoto apate muda wa kusafishika. Karibu na siku iliyopangwa, yapata saa 36 kabla, huwekwa kwenye dripu ya heparini, na dripu hiyo huzimwa saa nne hadi sita kabla ya kujifungua. Uchungu ukimkuta bado yuko kwenye warfarini, njia inayochaguliwa ni upasuaji, kwa ajili ya kichwa cha mtoto, na mama anaingia chumba cha upasuaji akiwa na hatari yake mwenyewe ya kuvuja.

Kuna na suala la ganzi. Aliyechomwa Clexane kwa dozi ya matibabu hatakiwi kuchomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo kabla ya saa 24 kupita, kwa sababu damu ikivujia ndani ya uti inaweza kumpooza miguu. Hivyo mtaalamu wa usingizi anayeamshwa saa nane usiku ana swali moja la haraka: sindano ya mwisho ilichomwa saa ngapi? Kama mama amelegea na mume amebaki kutafuta usafiri, nani anajua?

Ukitazama ramani ya huku kwetu, wiki ya 36 inageuka kuwa suala la barabara. Hospitali ya KCMC iko Moshi, ya Mount Meru iko Arusha, lakini mama yuko Usseri, au Same milimani, au Loliondo. Mfumo wa m-mama, unaopatikana bure kwa namba 115, umesaidia kuwafikisha wajawazito wa dharura hospitali, na niseme wazi kwamba ni moja ya mambo tuliyoyafanya vizuri. Ila gari linakimbiza uchungu ulioanza. Kwa mwanamke huyu, uchungu kuanzia kijijini ni kwamba mpango umeshavunjika. Anatakiwa awe ameshahamia mjini, kwa dada, kwa shangazi, au kwenye chigonela, nyumba ya wajawazito kungojea kujifungua, panapokuwepo, kabla ya wiki ya 36 kufika. Nauli na chakula cha wiki hizo ni sehemu ya matibabu, hata kama hakuna fomu ya bima yenye kisanduku chake.

Baada ya mtoto kutoka, damu inaogopesha upya. Hapa nimesikia kosa la kufikiri likirudiwa: mama aliyekuwa kwenye heparini akivuja sana, watu wote chumbani wanaigeukia heparini. Lakini heparini haiuzuii mfuko wa uzazi kukaza, na sababu kubwa ya mama yeyote kuvuja baada ya kujifungua ni mfuko usiokaza. Usugue, mpe oksitosini ya kuukaza, angalia kama kondo limetoka lote, angalia michubuko, huku mwingine akishughulikia protamini ya kuifuta heparini ikibidi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania: kuweka chini ya mama mfuko wenye mistari ya kupimia damu, na kuanza hatua zote za matibabu kwa pamoja mara tatizo linapogunduliwa, kulipunguza matukio mabaya ya uvujaji kwa 60%. Zamani damu ilikadiriwa kwa jicho, na jicho hudanganya. Kwa mama wa heparini, ule mfuko wenye mistari ungekuwa kitu cha kwanza kutandikwa.

Kisha dawa inarudi, na hapa tena kuna saa. Kama havuji, heparini huanza upya saa nne hadi sita baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na huchelewa zaidi baada ya upasuaji. Warfarini hufuata siku kadhaa baadaye. Zote mbili zinaruhusu kunyonyesha. Narudia kwa sababu nimekutana na mama aliyenunua maziwa ya kopo miezi mitatu kwa kuambiwa kwamba ziwa lake lina sumu: zote mbili zinaruhusu kunyonyesha.

Na uzazi wa Kichaga una desturi zake. Mzazi hulishwa mtori, nyama na supu, halafu huambiwa asiinuke, asishike hata kikombe. Mtori sina ugomvi nao. Kulala wiki nzima bila kutembea nina ugomvi nako, kwa sababu miguu isiyotembea hugandisha damu, na hilo linamhusu hata mama asiye na valvu yoyote. Bonge la mguuni kwa mjamzito hupenda mguu wa kushoto, kwa kuwa mshipa unaorudisha damu kutoka mguu huo hubanwa na mshipa mwingine mkubwa nyongani, na mimba huongeza kubana. Miguu yote miwili ikivimba jioni, mara nyingi ni mimba tu (pimeni presha lakini). Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, hasa wa kushoto, msiukande kwa maji ya moto wala kuupaka dawa ya mafua. Nendeni hospitali. Akikutwa na bonge atachomwa heparini hadi mwisho wa mimba na walau wiki sita baada ya kujifungua. Kwake hesabu ni nyepesi kuliko ya mwenye valvu, maana heparini inamtosha.

Swali la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza. Binamu yangu alipofanyiwa upasuaji akiwa na miaka 21, hakuna aliyemuuliza kama anataka kuzaa. Valvu ya chuma hudumu miaka mingi lakini inadai warfarini maisha yote. Ile inayotengenezwa kwa tishu za mnyama haidai, ila kwa msichana huchakaa mapema, na upasuaji wa pili utamngoja. Hakuna chaguo rahisi hapo, na huenda angechagua ileile ya chuma. Angalau angeingia kwenye ndoa akiijua bei. Pia angeelezwa kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havimfai, na kwamba kijiti au kitanzi vinampa nafasi ya kupanga mwezi wa kushika mimba. Kwetu mwanamke akiolewa anapewa mwaka mmoja, halafu minong'ono inaanza. Mama mkwe wake, mwanamke mwema, alimwambia: "Mwanangu, moyo una Mungu, tumbo lina majirani."

Tangu Desemba ile anabeba karatasi moja. Aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni, kwenye ukurasa wa daftari la mistari, akampelekea daktari wake wa moyo na mkunga wake wasahihishe, wote wawili wakatia sahihi. Imepigwa pini ndani ya kadi ya kliniki. Inasema ana valvu ya chuma na ilipo, warfarini miligramu ngapi, INR ya mwisho na tarehe yake, dawa asizopewa, kwamba warfarini isisimamishwe bila kupiga namba mbili zilizoandikwa pale, tarehe ya kuingia wodini, na nafasi tupu ya kujaza saa ya sindano ya mwisho ya heparini. Nesi aliyetaka kumchoma chanjo ya pepopunda aliisoma, akachukua sindano nyembamba, akabana pamba kwa dakika tano nzima huku wakipiga soga. Karatasi haikugharimu hata shilingi mia tano. Sioni kwa nini mwalimu wa hesabu ndiye awe ameibuni.

Sasa ana mimba ya pili, wiki ya 26. Wiki ya 36 itamkuta siku tano kabla ya Krismasi, na ameshawaambia wakwe kwamba safari hii hapandi Rombo, mbuzi achinjwe bila yeye. Baba mkwe alinuna siku mbili. Siku ya tatu akapiga simu, akamtaka mwanawe amsomee ile karatasi neno kwa neno, yeye akiandika huko kwenye kalenda ya ukutani.